Sare Isiyo na Sherehe

Ukitaka kujua nani anaoa Mwanza kabla kadi hazijasambazwa, usihangaike kuuliza kanisani wala kwenye kumbi. Nenda kwa fundi cherehani ukaangalie mabaki. Mimi nayafahamu kwa sababu nayaokota. Nikitoka kazini stendi ya Nyegezi, ninakokatisha tiketi za mabasi ya mbali na kutukanwa na abiria waliochelewa kwa uzembe wao wenyewe, napitia Mabatini kwa fundi wetu. Ni mama mmoja mnene, mpole, anayeongea huku pini ziko mdomoni, na pembeni ya cherehani yake kuna kiroba anachoniwekea vipande vinavyobaki akishakata nguo za watu.

Vipande hivyo ndiyo starehe yangu. Navikata miraba, navipanga sakafuni mpaka rangi zielewane, naviunga, kisha navishonea juu ya blanketi kuukuu ili viwe na uzito. Wenzangu kazini wananicheka kwamba nimezeeka kabla ya wakati. Wacha wacheke. Mtu aliyeshinda anabishana na watu kuhusu siti za dirishani anahitaji kitu kisichojibu.

Blanketi moja lilikuwa tofauti na mengine. Hilo nililishona kwa sare za familia yetu tu. Kwetu shughuli bila sare ni kikao. Hata ukoo uwe hauelewani, siku ya harusi utawakuta wote wamevaa kitambaa kimoja. Kulikuwa na kijani cha harusi ya binamu yetu, ambako umeme ulikatika tukacheza kwa kupiga makofi. Kulikuwa na rangi ya chungwa ya sendofu ya dada yangu, siku tuliyomuaga kwenda kuolewa. Katikati kabisa kulikuwa na njano, ambayo nitaieleza.

Mama yetu anaishi Magu, analima mpunga, na kuhusu blanketi hilo alitoa sharti moja tu. Nguo ya msiba isilale na nguo ya sherehe. Hakueleza kwa nini, na mama akishasema jambo bila kulieleza, huna haja ya kuuliza. Ndiyo maana sare ya msiba wa baba haimo.

Maana siku hizi hata msiba una sare. Ya baba ilinunuliwa kwa mbio, kitambaa cha kahawia, kwa sababu ndicho pekee dukani kilichotosha watu wote. Tulipokuwa makaburini mvua ikanyesha, rangi ikachuja, tukarudi nyumbani shingo na vifua vimetapakaa kahawia kama tumetoka kufyatua matofali. Dada yangu alisimama mbele ya kioo muda mrefu akijifuta. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kumbe mtu akifa hata rangi anachaguliwa na watu wasiojua rangi. Wakati ule nilicheka.

Huyo dada ni mkubwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Anaishi na mume wake na binti yao mmoja kwenye mwinuko wa mawe juu ya Mabatini, nyumba ambayo ukitaka kuifikia lazima upande ngazi zilizochongwa kwenye jabali, ufike unahema. Kutoka dirisha la jikoni kwake unaliona ziwa mpaka macho yachoke. Mimi nina sindano, yeye ana keki. Hauzi. Ukimwambia auze, anakutazama kwa huruma. Anaoka kwenye oveni ndogo, na umeme ukikatika anahamia kwenye sufuria yenye mkaa juu na chini bila hata kubadilisha uso. Keki ikipoa anaiweka juu ya kisahani ambacho mume wake alikifungia beringi la gari chini yake ili kizunguke, halafu anaanza kukamua krimu kwenye kile kimfuko chenye mdomo wa bati. Waridi linatoka jani kwa jani. Nimemwona akichanganya rangi na kuimwaga, akichanganya tena na kuimwaga tena, mpaka apate nyekundu aliyoitaka, na ukimwambia nyekundu zote ni nyekundu, hakupi kipande.

Adui yake mkubwa ni wadudu wa ziwani. Wale wadogo wanaoinuka majini kwa mkupuo, wakasimama angani kama moshi wa tanuri, halafu upepo ukawaleta mjini. Wakiingia jikoni krimu imekwisha. Kwa hiyo dada akipamba keki, jicho moja liko kwenye keki na jingine liko ziwani. Akiona ule mnara mweusi unainuka, anafunga madirisha yote na anaendelea ndani ya joto, jasho linamtoka.

Sasa ile njano. Mwaka juzi dada alikutwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Walimtoa titi, wakampa dawa, nywele zikadondoka, zikaota tena laini kama za mtoto. Madaktari waliposema aende nyumbani awe anarudi kwa vipimo, familia tulifanya misa ya shukrani na chakula, na sare yetu ilikuwa njano. Aliichagua mwenyewe. Nilikishona kile kipande cha njano katikati ya blanketi nikiamini kwamba hesabu imefungwa. Mama peke yake ndiye aliyenung'unika kwamba kushukuru kwa sauti kubwa hivyo ni kuita kitu kigeuke nyuma. Nilimkasirikia.

Mwaka jana, binti wa dada alipokuwa anajiandaa kwa Komunyo ya kwanza, nilipita kwa fundi kuchukua kiroba changu, akaniambia nisimame anipime. Nikamwambia vipimo vyangu anavyo tangu enzi za sendofu. Akasema, huku pini ziko mdomoni, kwamba mwili unabadilika. Nilinuna, lakini nilinyoosha mikono. Alinipima kila mahali, taratibu, na alipofika kiunoni nikaona macho yake yamejaa maji. Nilidhani ni vumbi la vitambaa.

Nyumbani nilimwaga kiroba sakafuni. Juu ya mabaki ya watu wengine kulikuwa na kitambaa nisichowahi kukiona mjini. Kijivu chenye ubluu ndani yake, rangi ya ziwa mvua ikiwa bado iko ng'ambo, na maua madogo meupe yaliyotawanyika. Kizito, laini, hakikunjiki ovyo. Vilikuwa vipande vingi, vingine virefu kama mkanda. Nikakumbuka nilivyopimwa, nikapata jibu langu: dada ametuchagulia sare ya Komunyo na anatuficha ili atushtue. Nilifurahi kweli. Nilikata mraba mkubwa nikauweka katikati, bega kwa bega na ile njano, nikaushona kwa mishono midogo kuliko yote.

Nilimpelekea aone. Alikuwa jikoni anajaribu waridi jeupe kwa ajili ya keki ya binti yake, na nje kulikuwa na utulivu ule usio mzuri, majani hayatikisiki. Nililitandaza blanketi juu ya kiti. Alizipitia rangi moja moja kama kawaida yake, akasema kijani kimepauka, akafika katikati. Mkono wake uliokuwa umeshika kimfuko cha krimu ukakaza. Krimu ikatoka yote ikarundikana juu ya kisahani, naye hakuangalia.

"Umekitoa wapi hiki?" akaniuliza.

Nikamwambia kwa fundi, na kwamba siri yake imevuja, na kwamba rangi ni nzuri ila watoto wataiona ya kizee. Nyuma yake, dirishani, nikaona ule mnara wa wadudu umeinuka ziwani, mkubwa, unaegemea upande wetu. Nikamwambia funga madirisha. Alisimama tu. Ilibidi niyafunge mimi, na hata hivyo waliingia, wakajaa kwenye waridi lile jeupe likawa kama limemwagiwa ufuta mweusi. Dada yangu, ambaye kwa mdudu mmoja angetupa keki nzima, alilitazama tu akasema atatengeneza jingine.

Niliondoka na blanketi langu. Nilijiambia labda nimemharibia siri yake ndiyo maana amenuna. Siku chache baadaye sare ya Komunyo ikaletwa kwangu imeshonwa tayari. Ilikuwa ya rangi ya waridi.

Nilikaa nayo mapajani kitandani. Ni nzuri, ya waridi, inafaa kabisa kwa Komunyo. Na imeshonwa kwa vipimo vyangu vya zamani, inanibana kiunoni. Basi vile vipimo vipya vilikuwa vya nguo gani? Nilitafuta jibu jingine. Harusi upande wa wakwe? Sherehe ya shuleni kwake? Kila jibu nililolipata lilikaa kidogo likaondoka.

Mama alifika kutoka Magu kwa ajili ya Komunyo, akalala kwangu. Nilimwamkia, nikampokea mzigo wa mchele, nikamtandikia lile blanketi kwa sababu ndilo zito kuliko yote na usiku kulikuwa na upepo wa ziwani. Asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na kidole chake kiko juu ya kile kijivu.

"Hii ya shughuli gani?"

Nikamwambia sijui.

"Fumua," akasema, akaamka akaenda kuosha uso.

Sikufumua. Nilikwenda kwa fundi. Nilimkuta anapiga pasi, nikamwambia atoe pini mdomoni aniambie ukweli, vinginevyo leo nitampigia kelele mbele ya wateja wake, na anajua kelele zangu zimefundishwa stendi. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto. Nilimuuliza kile kitambaa cha kijivu ni nguo ya nani. Akasema ni ya kwetu sote. Nikamuuliza nani kaleta. Akanitazama kama anayeniomba nisiendelee, akasema nimuulize dada yangu.

Ngazi zile za jabali nilizipanda bila kuhema. Kesho yake ndiyo ilikuwa Komunyo, na keki ilikuwa mezani imekamilika nusu, nyeupe yote, upande mmoja una waridi na mwingine bado uko mtupu. Binti yake alikuwa kanisani kwenye mazoezi. Dada aliponiona uso hakuniuliza nimefuata nini. Aliendelea kukizungusha kisahani kwa kidole.

"Ule uvimbe umerudi," akasema. "Safari hii uko kwenye ini."

Nakumbuka nilivyoona jinsi alivyokonda, na jinsi nilivyokuwa nimekuona kukonda huko wiki zote zile nikakuita uchovu. Hasira ikanipanda, kwa sababu kwangu hasira ndiyo hufika kwanza, machozi hufuata kwa miguu. Nikamuuliza nani anajua.

"Shemeji yako. Na fundi."

"Fundi kajua kabla yangu?"

"Fundi hapigi kelele," akasema.

Alinieleza huku anakamua krimu, na majani ya waridi yakawa yanatoka sawasawa. Madaktari wamesema dawa zitausogeza ugonjwa mbele, hazitauondoa. Alitaka mtoto apokee Komunyo yake kwanza, watu wafurahi, picha zipigwe, bila mtu kumwangalia kwa jicho la msiba. Halafu ndipo angesema. Kitambaa alikinunua mapema kwa sababu alikiona mjini akakipenda, na alijua hakitasubiri. Alikiloweka mwenyewe kwenye beseni siku nzima kuona kama kinachuja rangi. Hakichuji. Aliposema hivyo alitabasamu kidogo, na nikamwona tena mbele ya kile kioo, anajifuta kahawia shingoni.

Nikamwambia huo ni uchuro. Nikamwambia mtu mzima, mwalimu, anawezaje kujishonea msiba akiwa anatembea. Nilisema mengi, na mengine sitayaandika. Alinisubiri nimalize. Kisha akanawa mikono, akaingia chumbani, akafungua kabati.

Zilikuwa zimening'inizwa nyuma ya makoti ya mume wake, zimefunikwa shuka. Gauni la mama, ambalo kipimo chake alikiiba kwenye nguo aliyoiazima kwake. Gauni langu. Shati la shemeji. Nyuma kabisa lilikuwa gauni dogo, na nilipolishika ili nilitazame, mkono wangu ukakuta uzito chini. Fundi alikuwa amekunja upindo mpana kuliko nilivyowahi kuona, kitambaa kimelala juu ya kitambaa karibu shibiri nzima.

"Upindo wote huu wa nini?"

"Anakua," akasema dada. "Nimemwambia fundi asikate hata kidogo."

Hapo ndipo nililia. Alinishika mgongo akaniacha nilie, kisha akanipa gauni langu. "Vaa nione," akaniambia. Nilikataa. Akasema ameona sare za watu wote kwa maisha yake yote na hii hataiona, kwa hiyo nimfanyie hisani. Nikavaa. Alikaa kitandani, akaniambia nigeuke, nigeuke tena. Akasema mikono imezidi kidogo, na kwamba nisije nikavaa na kile kilemba changu cha dhahabu, tafadhali. Nilimwambia nitavaa ninachotaka. Akasema anajua, ndiyo maana ananiomba sasa.

Komunyo ilipita. Tulivaa waridi, tukapiga picha, keki ikaliwa mpaka makombo, na watu walisema haijawahi kuwa nzuri kama ile. Baada ya hapo akawaambia ndugu wote. Mama alipoambiwa aliniangalia mimi akauliza kama nimefumua. Nikasema bado.

Sasa tuko hapa. Dawa zimeusogeza ugonjwa kama walivyosema. Kuna wiki anapanda ngazi zake mwenyewe na kuna wiki mume wake anambeba mgongoni. Kimfuko cha krimu hawezi tena kukiminya. Binti yake ndiye anayeminya, yeye anakaa na mto mgongoni anazungusha kisahani na kulalamika kwamba majani yametoka mazito. Nikiwa dukani, au stendi, simu ikiita jina lake sipokei mara moja. Nasimama kwanza.

Na lile gauni dogo tumelijaribisha mara kadhaa. Mtoto anarefuka kwa fujo, kwa baba yake ni watu warefu. Kila linapompanda juu ya magoti tunashusha upindo, napiga pasi alama ya mkunjo wa zamani, tunalirudisha kabatini. Tulimwambia ni nguo ya shughuli ya ukoo. Hakuuliza shughuli gani. Ila safari moja, amesimama juu ya kiti na mimi nimepiga magoti chini yake na pini, akasema taratibu, mama yake asisikie:

"Mama mdogo, hiyo shughuli si waifute tu?"

Pini zilikuwa mdomoni. Nikamshukuru fundi kimoyomoyo kwa kunifundisha.

Mwezi huu upindo umekwisha. Tumeshusha mpaka mwisho na magoti bado yanaonekana. Nilikwenda mjini kwenye duka lilelile dada alikokinunulia kitambaa, mzee wa Kihindi mwenye duka akakishika kipande changu, akakisugua kwa kidole gumba akakitambua, akasema, "Hiyo, mama, haiji tena." Nilizunguka maduka yote ya mtaa ule, na kila mahali walinionyesha kinachokaribia. Dada yangu hataki kinachokaribia.

Kwa hiyo nilitoa vile vipande virefu nilivyokuwa nimevihifadhi kirobani, nikaviunga kimoja kwa kingine kama ninavyounga viraka vyangu, nipate mkanda wa kuzungusha chini ya gauni. Havikutosha. Kilipungua kipande kama cha shibiri moja. Basi nililitandaza blanketi nikafumua ule mraba wa katikati, mshono kwa mshono, ile mishono yangu midogo kuliko yote. Pale ulipotoka pamebaki blanketi tupu, kando ya njano. Mama alikuwepo, alinitazama nikifumua, hakusema amenionya.

Jana nilimpelekea dada gauni likiwa na mkanda wake. Alilikagua akiwa amelala, akalisogeza karibu na macho. Alipitisha kidole kwenye maungio yote, akasimama kwenye moja, akarudi nyuma, akasimama tena.

"Hapa umepinda," akasema. "Fumua, uanze upya."

Nililitazama. Halikupinda sana, mtu mwingine asingeona. Siku zote akiniambia hivyo huwa tunagombana. Jana nilikunja gauni nikalitia kwenye mkoba, nikamwambia ana haki, limepinda, na kwamba kazi ya kufumua kitambaa kizito kama kile itanichukua muda. Akasema muda wa kiasi gani. Nikamwambia mimi siku hizi nashona polepole sana.